Sura ya Kumi na Moja: Pande Mbili za Piano

Wimbo wa tatu ulipofika katikati, Teodora alijua kwamba Luhaga anadanganya.

Hakuwa anadanganya kwa maneno. Kwa maneno Luhaga alikuwa mtu mnyoofu, tena mzito, wa kuulizwa maswali matatu ndipo ajibu moja. Alikuwa anadanganya kwa saksafoni, mbele ya watu mia mbili na maikrofoni tisa, saa tisa na nusu alasiri ya Jumamosi, ndani ya ghala la zamani la pamba pale Pasiansi. Na aliyekuwa anadanganywa ni Mzee Nathaniel Mashimba, baba mzazi wa Teodora.

Albamu yenyewe ilikuwa wazo la Yasmin, rafiki yake Teodora tangu sekondari, mwenye studio ndogo ya kurekodia huko mjini Nyamagana. "Saksafoni mbili za tenor, piano katikati, laivu, hakuna kurudia," alimwambia miezi miwili iliyopita, macho yanamng'aa. "Mtu avae hedifoni zake. Sikio la kulia Mzee wako, sikio la kushoto Luhaga, na wewe katikati ya kichwa chake. Teo, hebu fikiria!"

Teodora alifikiria, usingizi ukampaa. Yasmin, kwa kupenda kwake muziki, alikuwa amelipanga jukwaa sawasawa na moyo wa rafiki yake ulivyogawanyika.

Maana mambo yalikuwa hivi. Luhaga alifundishwa saksafoni na Mzee Mashimba mwenyewe, tangu ana miaka kumi na tisa, wakati Mzee anaongoza bendi ya dansi iliyozunguka harusi zote za kando ya ziwa. Alimpenda kama mwanawe. Kisha siku moja bendi ikiwa inasubiriwa harusini Nansio, Luhaga hakutokea kwenye meli. Alikuwa ameshapanda basi la Dar es Salaam, kwenda kutafuta jazi, bila kuaga. Mzee alipiga sehemu mbili peke yake, yake na ya kijana, mpaka midomo ikavimba. Luhaga alirudi Mwanza baada ya miaka sita, anajulikana, ana nyimbo zake, na siku ya pili tu akakutana na Teodora kwenye ngazi za kanisa. Yaliyofuata tumekwisha kuyasimulia, na wasomaji wenye haya walisoma wakiwa wamefunika uso kwa kiganja.

Mshenga alitumwa. Mzee Nestory, mtu mzima, mwenye koti lake la heshima, alikwenda nyumbani kwa Mashimba akarudishwa. Akatumwa tena, akarudishwa tena, na mara hiyo ya pili hakukaribishwa hata kiti. Sababu ambayo Mzee Mashimba aliitoa ilikuwa ya kale: kwamba babu yake Luhaga alikuwa Mgalu, na ukoo wa Mashimba ni Wagika, wapinzani wao wa ngoma tangu enzi, na kwamba mwaka fulani wa mavuno mengi huko Magu babu huyo alicheza ngoma akawachukua watu wote wa babu yake Mashimba, akamwacha anawachezea wake zake wawili na mbwa. "Damu ile," alisema Mzee, "kazi yake ni kuchukua watu wa wenzao." Lakini kila mtu ndani ya nyumba alijua kwamba habari ya babu ni kisingizio tu, na kidonda ni Nansio.

Kupiga kwenye albamu alikubali kwa ajili ya binti yake. Ila aliweka sharti, asubuhi ile ile, akiwa anakunywa chai yake amesimama.

"Nitapiga naye leo kwa sababu umeniomba. Kesho jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, Baba."

Kwa hiyo Teodora alikuwa na alasiri moja tu.

Na sasa Luhaga alikuwa anaiharibu. Kila zamu yake ilipofika alianza vizuri, sauti nene, tamu, ile iliyomfanya Teodora asahau jina lake mwenyewe. Lakini pale pale watu walipoanza kuinua vichwa, pale alipotakiwa kupanda, alishuka. Alinyamaza mapema, akainamisha kichwa, akamwachia Mzee nafasi. Mzee akajaza, watu wakapiga makofi ya adabu, kama wanaopigia hotuba ya mgeni rasmi. Hata Shangazi Getruda, dada yake Mzee, aliyekaa mstari wa mbele upande wa kaka yake na kitenge chake kipya, alipiga miayo waziwazi.

Wimbo wa tano ulipoisha, Yasmin alivua hedifoni, akatangaza mapumziko ya dakika ishirini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepika pilau akakuta bokoboko.

Teodora alimkuta baba yake nyuma ya pazia, amepiga goti moja, anaifungua saksafoni yake vipande vipande na kuilaza kwenye sanduku.

"Baba, unafanya nini?"

"Naenda nyumbani."

"Bado nusu nzima!"

"Nusu ya nini?" Mzee hakuinua sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Nimepiga hii kitu miaka arobaini na mitano, Teodora. Unadhani sisikii? Yule kijana ana kifua mara mbili ya changu, halafu ananisindikiza polepole kama ninatolewa hospitali. Ananipisha! Anainamisha kichwa! Mimi nimekuja kupiga, sikuja kuombewa."

"Anakuheshimu, Baba."

"Basi aniheshimu akiwa mbali." Alifunga kufuli ya kwanza ya sanduku. "Wakati ule aliniacha peke yangu Nansio. Leo kaniacha peke yangu hapa, na safari hii kasimama hatua tano kutoka nilipo."

Teodora alipiga magoti mbele yake, akaweka mkono juu ya kufuli ya pili kabla haijafungwa. Mikono ya baba yake ilikuwa na mishipa iliyochomoza. Alimhurumia, lakini alijua akimwonyesha huruma sasa hivi amekwisha.

"Wimbo mmoja, Baba. 'Mavuno'. Ule wa kwako."

"Ule asiuguse."

"Mmoja tu. Ukiona bado anakupisha, shuka jukwaani, hata kama mtambo unarekodi. Mimi mwenyewe nitakubebea sanduku."

"Wewe umefanana na mama yako kwa mambo ya ajabu tu," alisema Mzee, akaanza kuiunga saksafoni upya.

Teodora alitoka mbio kwa mlango mkubwa wa upande wa ziwa. Luhaga alikuwa amesimama kwenye mawe, mgongo kwa watu, saksafoni inaning'inia kifuani, upepo unalichezea shati lake jeupe. Hata akiwa na hasira kiasi kile, moyo wa Teodora ulifanya ujinga wake wa kawaida wa kuruka alipoona mabega yale.

"Unafanya nini kule juu?" alimwuliza.

Luhaga aligeuka. "Napiga."

"Usinitanie, Luhaga. Nimekusikia ukipiga studio kwa Yasmin. Nimekusikia ukipiga peke yako jikoni kwako, wali ukiungua. Yule wa leo simjui."

Teodora akasubiri, kwa sababu ukimpenda Luhaga lazima ujifunze kusubiri.

"Mama aliniambia," alisema mwishowe, "ukikutana na baba mkwe njiani unatoka njiani. Unashuka hata kwenye matope, yeye apite. Ndivyo tulivyolelewa. Nifanyeje, Teo? Nimshinde mbele ya dada yake? Mbele ya watu wake? Nilishamkosea mara moja."

"Ulimkosea kwa kupiga vizuri?"

"Hapana."

"Ulimkosea kwa nini?"

"Kwa kuondoka."

"Basi leo umeondoka tena!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, wanawake wawili waliokuwa wanakunywa soda ukutani wakageuka. Akaishusha. "Umeondoka ukiwa umesimama pale pale. Baba amefunga sanduku lake, Luhaga. Nimemzuia kwa mikono yangu hii. Unajua kasema nini? Kasema umemwacha peke yake. Hajali kushindwa. Baba ni Mgika, amelelewa kwenye ngoma za mashindano, wanajua kushindwa huku wakicheka. Kinachomuuma ni kuonekana hastahili hata kushindaniwa."

Luhaga alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akatazama maji.

"Na nikipiga kwa nguvu zangu zote, akanichukia zaidi?"

"Atakuwa amekuchukia wewe, mtu mzima mwenye jina lako. Sasa hivi anamdharau mtu ambaye hata mimi siwezi kuolewa naye."

Neno hilo lilimpata. Teodora aliliona likiingia, na karibu alirudishe. Alitamani kumshika uso kwa mikono miwili, pale pale, mbele ya wanywa soda wote wa Mwanza. Badala yake alinyoosha mkono akauweka sawa mkanda wa saksafoni uliokuwa umejikunja shingoni mwake, na vidole vyake vikachelewa pale kwa muda ambao ndugu zake wasingeupenda. Ngozi yake ilikuwa ya moto.

"'Mavuno'," alisema. "Huo tu ndio tulio nao."

"Wimbo wake?"

"Wimbo wake. Upige kama wa kwako."

Watu walirudi kwenye viti vyao vya plastiki. Yasmin akainua kidole, akakishusha, mtambo ukaanza kurekodi. Nyuma yao mpiga ngoma akagusa sahani zake za shaba taratibu, besi ikaingia, na Teodora akaweka mikono kwenye piano akisali sala isiyo na maneno.

Mzee alianza. 'Mavuno' ulikuwa wimbo wa polepole wenye kutamba, aliutunga mwaka Teodora alipozaliwa, na aliupiga kama alivyoupiga siku zote, kwa heshima na kwa mpangilio, macho yamefumbwa. Alipomaliza alifumbua macho akamwangalia Luhaga upande wa pili wa piano. Mtu yeyote angeyasoma macho yale. Yalikuwa yanasema, haya, nipishe tena nione.

Luhaga akapuliza.

Hakuanza taratibu. Aliuchukua wimbo pale pale Mzee alipouachia, ungali na joto, akaupandisha. Watu walipoinua vichwa hakushuka, akapanda tena. Miaka sita yote ilikuwa mle ndani, vyumba vya kupanga, upweke, aibu ya kutoaga, na furaha pia, furaha ya wazi ya mtu anayependwa. Teodora alijua ni yeye aliyekuwa anaimbwa pale juu. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Mikono yake ikamfuata Luhaga kila alikokwenda.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo Yasmin, pamoja na mitambo yake yote, hakulitarajia, kwa sababu Yasmin ni mtoto wa mjini.

Shangazi Getruda alisimama. Akajifunga kitenge vizuri. Akabeba kiti chake cha plastiki, akavuka ukumbi mzima akikatiza mbele ya jukwaa, akakiweka upande wa Luhaga, akakaa.

Kila mwenye asili ya Usukuma mle ndani alielewa papo hapo. Kule vijijini, baada ya mavuno, ngoma mbili huwekwa uwanja mmoja, Wagika huku na Wagalu kule, zote zinachezwa kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi wala karatasi za alama. Mwamuzi ni miguu ya watu. Watu wakienda kwako umeshinda, wakikuhama umekwisha. Yasmin aliwapangia pande mbili, nao wakaona pande mbili, wakafanya kile ambacho mama zao walifanya.

Kiti cha pili kikanyanyuka. Cha tano. Cha ishirini. Miguu ya plastiki ikaburuzika kwenye saruji, krrr, krrr, na Yasmin akashika kichwa kwa mikono miwili, maana kila mkwaruzo ulikuwa unaingia kwenye albamu. Alimpungia Teodora mkono, tusimamishe? Teodora alitikisa kichwa kwa nguvu. Hapana!

Lakini alipogeuka kulia moyo ulimsimama. Upande wa baba yake ulikuwa na watu kumi, labda kumi na wawili. Dada yake wa tumbo moja alikuwa amemhama. Mzee Mashimba alikuwa ameishusha saksafoni, ameangalia ile saruji tupu mbele yake, sawasawa na babu yake miaka ile huko Magu. Nimemuua baba yangu, Teodora aliwaza. Nimemuua kwa mikono yangu, mbele ya watu, kwa ajili ya mapenzi.

Mzee akacheka.

Alicheka kwa sauti, meno yote nje, cheko ambalo Teodora hakulisikia tangu mama yake afariki. Akavua koti, akalitupa sakafuni. "Getruda!" alipaza sauti. "Umenihama wewe?"

"Nimekuhama!" Shangazi akajibu bila aibu. "Nirudishe ukiweza!"

"Ngoja uone."

Hakujaribu kwenda mbio kama kijana. Alishuka chini kabisa, mahali ambapo tenor inanguruma kama mtu anayeamka, akashika sauti moja. Moja tu. Akaivuta, akaikunja, akaifanya ilie, akaifanya icheke, akaiuliza swali na kuijibu mwenyewe. Katika umri wa miaka sitini na nane hakuwa na pumzi nyingi, lakini kila aliyokuwa nayo aliijua kwa jina. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele ya shukrani kwa Kisukuma, "Wabeja sana, Mzee!" Viti vikaanza kurudi. Krrr, krrr. Shangazi Getruda alikuwa wa kwanza, amebeba kiti kichwani, anacheza.

Luhaga naye alikuwa anacheka sasa, jasho linamtiririka. Akajibu. Viti vikahama. Mzee akajibu. Viti vikahama tena. Waliongea hivyo, baba na mwana, na yote ambayo hawakuambiana kwa miaka yalisemwa pale. Luhaga akauliza, Mzee akakaripia, Luhaga akakiri, Mzee akakaripia tena lakini polepole zaidi. Teodora aliyasikia yote. Alikuwa katikati yao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake katikati hapakuuma.

Kisha wote wawili wakanyamaza kwa pamoja, bila kupatana, wakamgeukia yeye.

Alikuwa peke yake. Hakufikiri. Alipiga 'Mavuno' kama wimbo uliotungwa mwaka aliozaliwa unavyostahili kupigwa na mwenyewe aliyezaliwa. Mkono wa kushoto ukakanyaga chini kama miguu ya wachezaji, wa kulia ukaenda ulikotaka. Alipoinua macho aliona watu wamechoka kuchagua. Walikuwa wameleta viti vyao katikati, wamelizunguka jukwaa mbele ya piano, wengine wamesimama juu ya viti hivyo hivyo, na pande zote mbili za ukumbi zilikuwa tupu.

Saksafoni mbili zikaingia juu yake, sauti moja, wimbo mmoja, na ghala zima likaimba nao mpaka mwisho.

Kelele zilizofuata sitaziandika, karatasi haitoshi. Katikati ya kelele hizo Mzee Mashimba alizunguka piano, akaenda upande wa Luhaga. Luhaga, kwa mazoea, akarudi hatua nyuma kumpisha. Mzee akamkamata shati.

"Simama hapo hapo," alisema, na maikrofoni ilikuwa kati yao, ukumbi wote ukasikia. "Unakwenda wapi tena?"

"Siendi popote, Mwalimu." Sauti ya Luhaga ilikatika. "Mwalimu, nisamehe. Ile siku ya Nansio..."

"Nimesikia. Umeshasema, tena kwa kirefu. Nani alikufundisha kurefusha hivyo?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Nilidhani hivyo." Mzee alimwachia shati, akamnyoosha kola. "Mwambie Mzee Nestory aje kesho baada ya misa. Binti yangu nampa mtu asiyeogopa kunishinda. Leo hujanishinda, lakini umejaribu kama mwanaume."

Shangazi Getruda alipiga vigelegele mpaka bati likaitika. Teodora alisimama kwenye benchi la piano, anacheka na kulia kwa pamoja, na Luhaga alikuwa ameshamfikia, amemshika mkono mbele ya baba yake na mbele ya Mwanza nzima. Hakuuachia. Furaha ilimjaa Teodora mpaka akahisi kifua hakitoshi.

Yasmin alipenya katikati ya viti, hedifoni shingoni, amechanganyikiwa.

"Mzee, shikamoo. Samahani sana. Mtambo ulikuwa bado haujazimwa. Hayo maneno ya mshenga yote yameingia kwenye albamu. Usijali, nitayakata."

"Marahaba, binti." Mzee Mashimba aliokota koti lake sakafuni, akalikung'uta vumbi taratibu, akalivaa. "Usikate hata moja. Nataka kila atakayeinunua awe shahidi."